Mazulia ya Shangazi Zeyana

Isevya, Tabora
12 Agosti 2023

Mwanangu Mundhir,

Assalaam alaykum. Usishangae maandishi kuwa makubwa, nimenunua kalamu ile ya kuandikia maboksi. Hujambo lakini? Kikohozi cha Juni kimekuacha? Mimi sijambo. Miguu inakwenda, meno yapo, ulimi ndio usiseme.

Macho ndiyo habari. Daktari amesema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki tutakichunga kwa dawa ya matone. Jicho la kulia linaona mwanga tu, la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwakani huenda nalo likafunga.

Yaser alipopata habari hizi hata pole hakunipa, alikwenda kununua kitanda. Kitanda changu, huko kwake Tabata, ghorofa ya tatu. Anasema, "Mama, huwezi kuishi peke yako na macho hayo." Namjua mwanangu, ananipenda, lakini mapenzi yake yana amri kama ya afande.

Sitaki, Mundhir. Nakuambia wewe kwa sababu nimekulea na huwezi kunijibu vibaya. Kwa Yaser nitawekwa kwenye kiti, niwe naulizwa kama nataka chai. Hapa chai napika mimi, na anayekuja anakunywa. Lakini sitakuficha, nyumba hii imeanza kunichezea. Unaijua ilivyo ndefu, na ile milango ya uani yote sura moja. Wiki iliyopita nilitoka msalani nikiamini naingia chumbani, nikajikuta stoo nimekumbatia gunia la karanga. Levina, yule jirani yangu fundi cherehani, ndiye aliyenitoa, na hajaacha kucheka mpaka leo.

Mwambie nduguyo anipe muda. Wewe anakusikiliza.

Shangazi yako,
Zeyana


Dar es Salaam
3 Septemba 2023

Shangazi mpenzi,

Wa alaykum salaam, na shikamoo. Kikohozi kimeondoka, kimeacha deni la usingizi ninalolipa kila Jumapili. Poleni na gunia la karanga, nyote wawili, wewe na gunia.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili niliisoma nimesimama. Nimezungumza na Kaka Yaser. Hakukubali, ila hakukata simu.

Sasa nisikilize. Unaujua ule mchezo wangu wa utotoni dukani kwa marehemu baba? Nilikuwa nafumba macho na kupiga makofi. Duka likiwa limejaa majora ya vitambaa, kofi lilimezwa. Mzigo ukiwa umekwisha, kofi lilinirudia kutoka kila ukuta. Ulikuwa ukinigombeza kwamba nawafukuza wateja. Basi, shangazi, kazi ninayolipwa mshahara hapa karakanani ni hiyo hiyo. Tunatengeneza kompyuta ndogo ya kuvaliwa. Inapiga mlio mwembamba ambao sikio la mtu haliusikii, halafu inasikiliza unavyorudi. Jikoni unarudi hivi, ukumbini unarudi vile. Ikishafundishwa, inatambua mvaaji yuko wapi na kumwambia.

Nimeomba kidude kimoja kwa mkuu wangu, Bi Asmahani, nimekiweka kwenye basi pamoja na barua hii. Ni kidogo kuliko kiberiti. Kivae kifuani juu ya kanga, kisifunikwe. Kila mahali ukifika, bonyeza kitufe, tembea polepole ukizunguka, useme jina la hapo. Usiku kichaji kama simu. Sauti itakayokujibu ni yangu, nimerekodi majina yote ya vyumba. Mkongojo usiuache, maana kidude kinajua chumba, hakijui ndoo iliyosahauliwa njiani.

Kikifanya kazi, tutakuwa na la kumwambia Kaka Yaser.

Mwanao,
Mundhir


Isevya
1 Oktoba 2023

Mundhir mwanangu,

Salaam nyingi. Nashukuru Mungu, na wewe nakuombea. Matone ya macho yanachoma kama pilipili lakini nayavumilia.

Kidude kimefika na nimekivaa siku kumi na nane. Siku za kwanza nilikuwa nazungumza peke yangu nyumba nzima, "Jikoni, jikoni, hapa ni jikoni," mpaka muuza mkaa akamwuliza Levina kama nimepandisha majini. Sasa kimejifunza. Nikivuka kizingiti kinasema, "Jikoni, shangazi." Nikitoka, "Uani, shangazi." Juzi nilisimama mlango wa stoo kikaniambia, "Stoo, shangazi," nikageuka zangu bila kugusa gunia. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo. Sikulia kwa huzuni, usije ukanipigia simu.

Lina kosa moja lidude lako. Paka wangu Binti Sauda hanipendi tena. Nikiingia jikoni yeye anatoka, mkia juu, kama niliyemtukana. Miaka tisa tunakula pamoja!

Nimemweleza Yaser kwa simu. Amesema atanipa mpaka Idi. Akiona mwenyewe kwamba naweza, basi. Asipoona, baada ya Idi anakuja na sanduku. Ameitaja mpaka rangi ya sanduku.

Shangazi yako,
Zeyana


Dar es Salaam
20 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Natumai mvua huko zimeanza vizuri na paa la stoo halivuji. Mimi mzima.

Binti Sauda hana kosa. Paka husikia milio ambayo sisi hatuisikii, kwake wewe ulikuwa unaingia jikoni ukipiga filimbi. Nimepata dawa: kuanzia sasa kidude kitalia pale tu unapotembea. Ukikaa, kinanyamaza. Nitakirekebisha nikifika.

Ndiyo, nakuja. Tarehe tisa Desemba, pamoja na Bi Asmahani na mhandisi mmoja. Wanataka kuona kinavyofanya kazi ndani ya nyumba ya mtu, siyo karakanani. Na Kaka Yaser atatazama kwa simu, kwa video. Kwa hiyo siku hiyo ni yako zaidi kuliko yangu.

Ombi langu moja, shangazi: usijisumbue kwa lolote. Hawahitaji kupikiwa wala kuandaliwa. Iache nyumba ilivyo.

Mwanao,
Mundhir


Dar es Salaam
17 Desemba 2023

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na samahani. Ulipika pilau ya watu ishirini, ukavaa buibui jipya, na mimi nikakuaibisha mbele ya wageni.

Naendelea kuyasikia. Umesimama katikati ya sebule na kidude kinasema, "Stoo, shangazi." Kwenye ukumbi kikasema, "Chumbani." Ukacheka, ukajaribu tena, kikasema stoo tena. Wewe uliacha kucheka. Mhandisi aliandika kitu kwenye daftari lake. Na Kaka Yaser kwenye simu hakusema neno, na sote tunajua kwamba Yaser akinyamaza ameshaamua.

Nilikagua kila kitu nikiwa njiani kurudi. Makosa ya kidude siyaelewi. Bi Asmahani ni mtu mzuri. Amesema tukirudishe, tutafute tatizo, pengine baada ya mwaka tujaribu kwingine. Kaka Yaser amenipigia. Kasema, "Nilimpa nafasi, Mundhir. Sasa akipotea stoo ataambiwa yuko sebuleni, akae chini aanguke."

Tafadhali kiweke kwenye basi. Nisamehe.

Mwanao,
Mundhir


Isevya
9 Januari 2024

Mundhir,

Salaam. Sote wazima. Kidude hakirudi. Keti chini usome.

Wewe uliniandikia nisijisumbue. Mwanangu, umekaa Dar miaka mingapi hata umesahau? Hapa kwetu mgeni yeyote husema hivyo, hata anayekuja kula harusini. Anayesema usijisumbue ukamwacha hivyo hivyo, atakusema mpaka Kigoma. Nikadhani unasema kwa adabu, nikakusifu moyoni kwamba nimekulea vizuri. Nikajisumbua.

Siku mbili kabla hamjaja nilifungua lile sanduku kubwa la harusi yangu. Nikatoa mazulia yote matatu, nikayatandika sebuleni, moja juu ya jingine pale yanapokutana. Nikatundika mapazia mazito ya Idi, mlango kwa mlango. Mito nilikuwa nayo sita, Levina akaniletea minane, nikaipanga ukutani. Ukumbini nikatandika magodoro mawili na shuka nyeupe, mhandisi asije akahitaji kujinyoosha. Siku hizo mbili mimi sikutembea na kidude, nilikuwa nimekizima kisije kikaishiwa chaji kabla yenu. Ninyi mmeingia, mmesema nyumba inapendeza, mmekaa juu ya tatizo lenyewe.

Mmeondoka, nikakaa na aibu yangu wiki tatu, sikugusa kitu. Baada ya mwaka mpya nikasema nianue, mazulia yapigwe vumbi. Tumeyatoa mimi na Levina, tukayaweka juani. Nikarudi sebuleni kuchukua pazia, kidude bado kifuani. "Sebuleni, shangazi."

Nikasimama. Nikamwita Levina, nikamwambia turudishe. Akaniuliza kama nina akili. Tukarudisha mazulia, mapazia, na mito kumi na minne. "Stoo, shangazi." Tukatoa. "Sebuleni." Tulifanya hivyo mara tatu, Levina akaapa kwa Bikira Maria kwamba hafanyi ya nne.

Na stoo kuna nini, Mundhir? Magunia kutoka chini mpaka juu. Ukipiga kofi linamezwa. Wewe uliyeniandikia habari za majora ya baba yako, mbona uliyasahau siku ulipoyahitaji? Kidude hakikudanganya. Mimi ndiye niliyeivalisha nyumba nguo ambazo hakijawahi kuziona.

Sasa niambie, kinaweza kufundishwa kwamba nyumba yangu ina nguo za kila siku na nguo za wageni?

Shangazi yako,
Zeyana


Dar es Salaam
22 Januari 2024

Shangazi yangu, mwalimu wangu,

Shikamoo mara saba. Nilisoma barua yako karakanani, nikapiga kelele, mhandisi akamwaga chai kwenye daftari lake lile. Amestahili.

Kinaweza. Na ni aibu yangu kwamba sikufikiri. Sisi tulikifundisha vyumba kana kwamba chumba ni kuta tu. Wewe umetuonyesha kwamba chumba ni kuta na yaliyotandikwa na watu waliokaa. Bi Asmahani amesema kibaki kwako, na ameomba ruhusa kuitumia barua yako kufundishia vijana wapya. Nimemwambia shangazi yangu atataka salamu kwanza.

Naomba hivi. Kifundishe kila sebule uliyonayo. Iliyo tupu. Yenye mazulia. Yenye watu, wachache na wengi, maana miili ya watu nayo inameza sauti. Nimerekodi majina mapya na yatakuja kwa simu, Levina ayapokee kama nilivyomwelekeza. Ukiingia sebule yenye watu kitasema, "Sebuleni, kuna wageni." Idi ni Aprili. Tuna miezi miwili na nusu.

Dada Levina, najua unamsomea haya. Asante, na pole kwa mito.

Mwanao,
Mundhir


Isevya
24 Machi 2024

Mwanangu Mundhir,

Salaam na Ramadhani njema. Mwandiko huu mzuri si wangu, ni wa Levina. Mimi nasema, yeye anaandika, na tumekubaliana hataongeza lake. Tundu la ufunguo limefunga. Lilifunga taratibu, hata sikujua siku yenyewe. Asubuhi moja nilimwuliza Levina mbona hakujakucha, akanishika mkono, nikajua kumekucha zamani.

Nilidhani nitaanguka siku hiyo. Nililala hadi adhuhuri. Halafu njaa ya saumu na ubishi vikaniamsha, nikavaa kidude. Kila nilipopita ulikuwa unaniita. Ukumbini, shangazi. Uani, shangazi. Jikoni, shangazi. Usidhani sikuogopa, niliogopa sana. Lakini futari niliipika mwenyewe na haikuungua.

Kazi uliyonipa inakwenda. Kila magharibi kuna watu wa kufuturu hapa, wengine ndugu, wengine nimewaalika kwa ajili ya mashine tu. Leo watatu, kesho saba. Siku ya kumi walikuja ishirini na wawili, nikazunguka katikati yao na kidude changu wakila tambi. Levina naye yuko kwenye Kwaresma yake, anakaa sebuleni amefunga pamoja nasi, anasema mwaka huu Mungu ametuweka darasa moja. Kaka yake Bernardo amekuja kutoka Usinge na madebe ya asali, naye nikamkalisha. Ni mtu mpana, amehesabiwa kama watu wawili.

Yaser nimemweleza. Alisema, "Sawa, Mama." Kwa sauti ile ile. Baada ya Idi, Mundhir. Sitamficha kwamba sioni tena, si tabia yangu kudanganya watoto. Lakini sanduku lake nalisikia linakuja.

Shangazi yako,
Zeyana

Mimi Levina naongeza moja tu: hali vizuri, na huwa anazungumza na wewe hata kidude kikiwa kwenye chaji.


Dar es Salaam
19 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, Idi Mubarak iliyochelewa. Nimepiga simu siku tatu, ya kwako imezimwa na ya Levina haipokelewi. Nimekwenda Tabata. Jirani wa Kaka Yaser kasema amesafiri na mkewe na watoto, na sanduku kubwa jekundu ambalo halikuwa na kitu, maana mtoto alikuwa analibeba kichwani.

Kama ameshakuja, na kama barua hii itasomwa na mtu mwingine katika nyumba iliyofungwa, sijui niandike nini. Kama bado upo, mwambie namuomba angalau akae siku mbili, akutazame.

Nijibu kwa lolote.

Mundhir


Isevya
2 Mei 2024

Mundhir mwanangu,

Salaam kutoka nyumbani. Nyumbani kwangu, jikoni kwangu, kwenye kibao changu. Levina yuko na kalamu na Binti Sauda yuko miguuni, maana nimekaa. Simu yangu iliangukia ndoo ya maji siku ya Idi pili. Ya Levina ilikuwa nzima, lakini Levina alikuwa ameapishwa na Yaser asipokee simu yako mpaka amalize kunitazama. Sehemu inayofuata hataki kuiandika, nimemwambia ndiyo adhabu yake.

Yaser alikuja tarehe kumi na sita bila kuniambia. Alifika asubuhi, akamkuta Levina mlangoni, akajiwekea kidole mdomoni. Alitaka kuona ninavyoishi nikiwa sijui kwamba natazamwa. Levina angepaswa kupiga kelele. Badala yake alimfungulia. Wakavua viatu, yeye, mkewe na watoto wanne, wakaingia sebuleni wakakaa chini, kimya. Watoto wa Yaser, Mundhir! Wale ambao hata usingizini wanagombana. Sijui aliwaahidi nini.

Mimi nilikuwa uani nikichambua mchele. Nikamaliza, nikajifuta mikono, nikapita sebuleni nikienda chumbani. Navuka kizingiti, wewe unaniambia, "Sebuleni, kuna wageni."

Nikasimama. Sikusikia pumzi. Mlango sikuusikia. Nikajiambia, mashine imerudia wazimu wake wa Desemba. Halafu nikakumbuka kwamba Desemba ilikuwa inasema kweli, mimi ndiye niliyekuwa siiamini. Nikarudi hatua mbili, nikaingia tena. "Sebuleni, kuna wageni."

Ni nani anayeingia nyumba ya watu akakaa bila hodi? Mwizi hakai. Ni mtoto wa nyumba peke yake.

Niligeuka nikarudi jikoni. Yaser ameniambia baadaye kwamba hapo moyo ulimvunjika, alidhani nimepotea, nimekwenda chumbani nikaishia jikoni bila kujua. Alishaanza kuinuka kunifuata, mkewe akamshika. Mimi huko nilishusha birika dogo, nikapandisha lile kubwa. Nikatia tangawizi na iliki, nikatia sukari kama anavyoipenda yeye, nyingi. Nikapanga vikombe kwenye sinia. Nilipanga vyote kumi na viwili, kwa kuwa kidude chako hakijui kuhesabu watu, hilo ulishughulikie.

Nikaja na sinia, taratibu, mguu kwa mguu. "Sebuleni, kuna wageni." Nikasema, "Karibuni chai. Yaser, kaa vizuri, usinyooshe miguu nikakukwaa."

Nikasikia mwanangu analia, mtu mzima mwenye mvi, analia kama siku aliyovunjika mkono. Akanipokea sinia. Akaniuliza, "Mama, umejuaje?" Nikamwambia, "Mundhir ameniambia." Watoto wakaanza kupiga kelele zote walizokuwa wameziweka.

Amekaa siku tisa. Amenitazama kweli, nilikuwa namsikia ananifuata kwa soksi. Amefunga kamba ya kushika kutoka uani mpaka msalani, amepaka ukingo wa ngazi zege, na amepatana na Levina awe analala hapa siku za mvua kubwa. Hakusema kwamba alikosea, na mimi sikumwuliza. Kile kitanda cha ghorofa ya tatu kasema atampa binti yake mkubwa.

Lile sanduku jekundu alilokuja nalo tupu kwa ajili ya nguo zangu, tulilijaza siku aliyoondoka, mimi nikipanga kwa mikono. Karanga zile za stoo, madebe mawili ya asali ya Bernardo, na zulia moja la harusi yangu, apate cha kutandikia wageni. Lilikuwa zito hata akashindwa kulinyanyua peke yake. Nikamshikia upande mmoja mpaka mlangoni.

Shangazi yako,
Zeyana